Lori Lililopungua Uzito

Msomaji wangu, tulipoachana, Mama Gramu alikuwa amesimama nyuma ya kontena, koleo mkononi, lakiri iliyokatwa miguuni. Mbele yake vigae vya sakafu. Nyuma ya vigae, maboksi ya bluu. Na ndani ya boksi alilopasua hapakuwa na vigae, palikuwa na viwashio vya baruti, vile vya kupasulia miamba, vimepangwa kama peni dukani.

Alikuwa ameshampigia simu Mkuu wa kituo. Alikuwa ameshamwambia, "Mzee, njoo upesi, kuna balaa kwenye mizani." Ndipo dereva alipovua kofia na miwani nyuma yake, akaita jina ambalo hakuna dereva yeyote mpakani aliyelijua.

"Dada."

Alikuwa ni mdogo wake. Kitindamimba wa nyumba yao. Yule ambaye kwa miaka miwili amekuwa akimtumia mama yao salamu za sauti kwenye simu, akisema yuko baharini, anapika kwenye meli kubwa, anakula vizuri, asihofu. Salamu ambazo mama huwachezea majirani mpaka wanazijua kwa moyo.

"Meli yako ina magurudumu kumi na nane?" Mama Gramu aliuliza.

"Dada, nisikilize."

"Jikoni kwenu mnapika baruti?"

Akamchapa kofi. Kofi moja, la dada aliyemfundisha mtu kufunga vifungo vya shati. Kijana hakuinua hata mkono wa kujikinga.

"Ingia ofisini," akasema. "Ingia kabla sijapiga kelele."

Ofisi ya mizani ni chumba kimoja. Meza, kompyuta, mashine ya kuchapa risiti, feni inayopepea upande mmoja tu, na dirisha pana linalotazama daraja. Daraja hilo lina urefu wa mita mia tatu. Upande huu nchi moja, upande ule nchi nyingine, na katikati mstari mweupe wa rangi. Ilikuwa saa sita na robo mchana, na foleni ya malori ilikuwa imefika kwenye kona. Mlinzi alikuwa mbali kwenye kizuizi, akibishana na dereva wa basi.

Mama Gramu akafunga mlango kwa komeo.

Kwa miaka kumi na moja madereva walimwita jina hilo kwa sababu hapitishi hata gramu. Wamemletea mbuzi, wamemletea vitenge, mmoja aliwahi kumletea posa. Wote waliambulia risiti. Lakini wote hao walikuwa wamezidisha mzigo. Lori la leo lilikuwa kinyume. Karatasi ilisema tani ishirini na nane, mizani ikasema ishirini na sita na nusu. Karani mwingine angecheka na kulipungia mkono lipite. Nani anamkamata mtu kwa kupungua?

"Ulianza lini?" akauliza.

"Niliambiwa ni kazi ya udereva tu. Kutoka bandarini hadi ghalani. Mwezi wa kwanza, simu. Mwezi wa pili, dawa. Nikajua ni za magendo, nikasema potelea mbali, nani asiyefanya magendo? Halafu watu wawili wamelala chini ya matairi ya akiba, hawajui hata wanapelekwa wapi. Nikasema hapa ndipo mwisho wangu. Wakanitumia picha."

"Picha gani?"

"Mama. Amekaa barazani anachambua mchele. Imepigwa karibu, dada. Karibu kiasi kwamba unaziona punje kwenye ungo."

Mama Gramu akakaa.

"Na haya maboksi?"

"Haya yalianza baadaye. Mimi nilikuwa nayafikisha ghalani, dereva mwingine anavusha. Sikuwahi kuuliza yanakwenda wapi." Akatazama daraja. "Mpaka ile stendi ya mabasi ng'ambo."

Hapo hapakuhitaji maelezo. Wiki tatu nyuma, saa nne asubuhi, stendi kuu ya nchi ya jirani ililipuliwa. Watu thelathini na mmoja. Mama Gramu alitazama habari ile kwenye chumba hikihiki, kwenye simu, akalia, akafuta macho, akaendelea kupima malori. Waliolipua ni kundi lenye bunduki lililojificha milimani. Serikali mbili zikatoa matamko. Serikali ya tatu ikatuma rambirambi. Mkutano ukaitishwa.

"Walionyesha kifusi kwenye televisheni," kijana akasema. "Kulikuwa na kipande cha boksi. Bluu, mstari mweupe. Dada, nilikuwa nimebeba maboksi kama yale kwenye bega hili. Nililisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikachubuka. Tangu siku ile sijaweza kumtumia mama salamu. Nikifungua mdomo nijifanye niko melini, sauti haitoki."

"Kwa hiyo leo ukaona uvushe mwenyewe."

"Dereva wa kuvusha aliugua. Nikajitolea."

"Ukajitolea!" Akasimama tena. "Thelathini na mmoja hawakukutosha?"

"Dada, kwa nini umelisimamisha lori langu?"

"Kwa sababu limepungua tani moja na nusu."

"Kila lori hutiwa viroba thelathini vya mchanga chini ya maboksi, uzito ufanane na karatasi. Wanasema kuna mwanamke mmoja kwenye mizani hana bei, kwa hiyo dawa yake ni mchanga. Malori tisa yamepita mbele yako hivyo. Jana walinipa viroba nipakie. Nikavipanga nyuma ya ukuta wa ghala. Nikafunga milango, nikabana lakiri, nikawasha injini."

Mama Gramu akamtazama.

"Nisingeweza kupiga simu polisi, simu zetu wanazisikiliza wao. Nisingeweza kusimama njiani, kuna gari linatufuata mpaka kona ile. Nikafikiri, barabara yote hii kuna mtu mmoja tu atakayesimamisha lori kwa sababu ni jepesi."

Msomaji, kuna maneno ambayo mtu huyasubiri maisha yake yote, na yakifika, yanafika na maiti. Mama Gramu alimvuta mdogo wake kifuani, akamshika kisogo kama alivyomshika siku walipomzika baba yao. Malori tisa! Yeye, asiyepitisha gramu, alikuwa amepitisha stendi nzima ya watu, akachapa risiti, akasema safari njema.

"Basi yamekwisha," akasema. "Mkuu anakuja. Huyu ni mtu mzima, ananiita mwanangu. Tutamweleza yote, atapiga simu makao makuu, wataenda kumlinda mama. Wewe utafungwa, sitakudanganya. Lakini utafungwa ukiwa hai."

Mlango ukagongwa.

"Mwanangu," sauti ikaita nje, ya upole, kama ya mtu anayeomba maji. "Ni mimi. Fungua."

Kijana akaruka kama aliyekanyaga moto. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Usifungue."

"Nini?"

"Sauti hiyo. Ndiyo inayotupigia kutuambia twende. Kila safari. Dada, ni yeye."

Lakini mkono wa Mama Gramu ulikuwa umeshavuta komeo.

Mkuu akaingia akijipepea kwa gazeti. Alikuwa mnene kidogo, shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni. Akamwangalia kijana. Akamwangalia dada mtu. Akafunga mlango mwenyewe.

"Mmeshasalimiana," akasema. "Vizuri. Nani mwingine ameona?"

Kumbuka, msomaji, huyu ndiye aliyemfundisha Mama Gramu kusoma mizani. Ndiye aliyempa ruhusa wiki mbili mama yake alipolazwa. Alipomaliza kuuliza swali lile, miaka kumi na moja ilianguka chini yote kwa pamoja.

"Hakuna mwingine," Mama Gramu akajibu. Alishangaa sauti yake ilivyotoka tulivu.

"Ndivyo ninavyokupenda. Sasa kaa, andika ishirini na nane, chapa risiti, lori liende. Mizani hukosea joto likipanda, unajua."

"Na nisipoandika?"

Mkuu akakaa pembeni ya meza, polepole, kama daktari anayeleta majibu.

"Malori tisa yamepita hapa. Yote umeyapima wewe, yote yana saini yako. La kumi umelikata lakiri peke yako, bila shahidi, bila amri, na dereva wake mmenyonya ziwa moja. Hata hakimu aliyelewa ataielewa kesi hiyo."

"Ni bahati mbaya tu kwamba yeye..."

"Bahati?" Mkuu akacheka kidogo. "Mwanangu, madereva wamejaa barabarani. Unadhani kwa nini tulihangaika kumtafuta huyu asiye na hata uzoefu? Miaka miwili iliyopita niliulizwa, huyo mwanamke wako asiyenunulika, siku akigundua, tutamshika wapi? Nikawaambia, ana mdogo wake hana kazi."

Feni ikapepea upande wake uleule.

Kijana ndiye aliyevunjika. Alikuwa amejidhania mjinga aliyeingia mtegoni kwa tamaa yake mwenyewe. Sasa akajua kwamba alikuwa chambo tu, na hata dhambi zake alichaguliwa na watu wengine. Akateleza ukutani mpaka chini.

"Na wale waliokufa, mzee?" Mama Gramu akauliza. "Kulikuwa na watoto wa shule pale."

"Si nchi yetu."

"Leo si yetu. Na kesho?"

"Usinihubirie." Kwa mara ya kwanza upole ukamtoka Mkuu. "Unadhani mimi ndiye mwenye mali? Mimi sijawahi kuwaona. Kiwanda kiko nchi moja, meli ina bendera ya nchi nyingine, ofisi iko ya tatu, mnunuzi yuko milimani. Wewe na mimi ni bawaba tu kwenye mlango wao. Serikali zetu zimekaa vikao miaka tisa kukubaliana mhuri wa mpakani uwe rangi gani. Hawa walikubaliana kila kitu kwa simu moja. Uwapinge wewe, na mashine yako ya risiti? Asiyesikia la mkuu..."

"Huvunjika guu. Najua, mzee. Tulifundishwa shuleni."

"Basi andika."

Akatoa lakiri mpya mfukoni, palepale zilipokaa kalamu, kana kwamba kila mtu hutembea nayo. "Nakwenda kufunga milango. Nikirudi nikute risiti." Akatoka, akiacha mlango wazi ili awaone.

Walikuwa na dakika moja na nusu, labda mbili.

"Inuka," Mama Gramu akanong'ona, macho kwenye kompyuta. "Usinitazame. Ng'ambo kuna karani wa mizani. Tunazungumza kwa simu kila siku, miaka sita sasa. Kila lori zito nikilipima, naye hulipima tena, tunalinganisha, kwa sababu mizani yangu hulegea mchana. Ni mpango wetu wawili tu. Mkuu hajui, siku hizi hapimi hata baiskeli."

"Halafu?"

"Nikiandika ishirini na nane, yake itasoma ishirini na sita na nusu. Atalizuia. Yeye si wa kwetu, ni wa nchi ile, na stendi ilikuwa ya kwao. Ataita jeshi kabla hujazima injini."

Kijana akaelewa. Akaelewa na yale ambayo dada yake hakuyasema. Kwamba angeshikwa upande ule, na maboksi yaleyale, na watu ambao bado wanawazika waliokatika vipande. Kwamba huenda asitoke kwenye uwanja ule wa forodha akiwa anatembea.

"Nitawaeleza," Mama Gramu akasema haraka. "Nitawapigia, nitawaambia ni wewe uliyeacha mchanga, nitakuja mahakamani..."

"Dada. Andika."

"Pengine iko njia nyingine."

"Haipo. Ungekuwa umeiona." Akachukua kofia yake mezani. "Mama mtafutie pa kujificha. Leo hii. Na ile meli, mwambie ilizama tu. Asijue mengine."

Vidole vya Mama Gramu vilikuwa vimeandika mamilioni ya kilo bila kukosea. Sasa alikosea mara mbili. Mara ya tatu akaandika: 28.0. Mashine ikakoroma, ikatoa risiti. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake Mama Gramu alikuwa ameandika uongo, na uongo huo ulikuwa ndio kitu pekee cha haki kilichofanyika kituoni siku ile.

Mkuu akarudi, akaisoma risiti, akaitikia kwa kichwa. Akamkabidhi kijana bila kumtazama. "Twende kazi."

Lori likaondoka kwenye mizani. Mlinzi akainua kizuizi. Mama Gramu alisimama dirishani, na Mkuu akasimama karibu naye, karibu mno, kama wazazi wawili wanaomsindikiza mtoto.

Likaingia darajani. Likavuka mstari mweupe. Likafika ng'ambo, likapanda kwenye mizani ya wenzao, likasimama.

Sasa, akawaza. Sasa.

Dakika ikapita. Ya pili. Alihesabu pumzi zake. Hakuna king'ora. Hakuna askari anayekimbia.

Simu ikalia. Ya Mkuu.

"Eeh," Mkuu akasema. "Eeh. Nipo naye hapa." Kisha akamnyooshea Mama Gramu simu, macho yamejaa kitu kama huruma. "Anataka kukusalimu."

Mama Gramu akaiweka sikioni.

"Mama Gramu, habari za mchana?" Sauti ileile. Miaka sita ya utani, ya pole na hongera, ya mitihani ya binti yake na meno yake mabovu. "Hapa kwangu imesoma ishirini na nane kamili. Mizani zetu zinapatana vizuri sana leo."

Akalitazama lori kule ng'ambo, bado limesimama.

"Usinichukie," sauti ikaendelea. "Hata mimi nina mama."

"Ile stendi ilikuwa ya kwenu!"

Simu ikakatika.

"Ulipokubali haraka namna ile," Mkuu akasema, akirudisha simu mfukoni, "nilijua una lako jambo. Nilipokuwa nafunga milango nikampigia mwenzetu huyu, nikamwambia alipitishe kama karatasi inavyosema. Mwanangu, mchanga tuliutia kwa ajili yako wewe peke yako. Wengine wote njia nzima hawakuhitaji mchanga."

Ng'ambo, kizuizi kikainuliwa. Lori likaruhusiwa. Maboksi yote, salama salimini, yakielekea milimani, na kwenye usukani mdogo wake, aliyekuwa amejitoa kufa na sasa amenyimwa hata hicho.

Likaondoka polepole. Likapita kizuizi. Likaanza kupanda mlima.

Kisha taa nyekundu za nyuma zikawaka.

Lori likakata kona, likajilaza kukingama barabara yote, kichwa mtaroni upande huu, mkia mtaroni upande ule. Basi lililokuwa nyuma likafunga breki. Honi zikaanza. Mlango wa dereva ukafunguka, kijana akashuka na funguo mkononi. Akakimbia hadi kwenye kingo za mto, akazungusha mkono, akazirusha majini. Halafu akageuka, akainua mikono juu, akaanza kutembea kurudi darajani katikati ya barabara, akipiga kelele kwa nguvu zake zote.

"Baruti! Kuna baruti kwenye lori! Shukeni kwenye magari! Kimbieni!"

Upepo ulileta maneno hadi dirishani. Abiria wakaanza kumiminika kutoka kwenye basi. Gazeti likamponyoka Mkuu.

"Mwambie anyamaze," akasema. "Mpungie mkono. Mwambie arudi ndani ya lori, wewe atakusikia!"

Mama Gramu alikuwa ameshafika mlangoni.

"Ukivuka ule mstari umetoroka na mhalifu!" Mkuu akapaza sauti. "Huna kazi! Huna kwenu! Na mama yako, umemfikiria?"

Hakugeuka. Viatu vikamtoka kwenye ngazi, akaviacha. Akapita chini ya kizuizi, mlinzi akimshangaa, akaingia darajani mbio, peku, lami ikimuunguza nyayo. Alikuwa amepeleka malori elfu na elfu ng'ambo ya daraja lile, na yeye mwenyewe hajawahi kufika hata katikati.

Mdogo wake akamwona. Akasimama. Mikono ingali juu, akatabasamu kama mtoto aliyeonekana kwenye mchezo wa kujificha.

Lakini nyuma yake, kutoka kwenye chumba cha mizani cha ng'ambo, mlango ulifunguliwa. Mwanamume mwenye fulana ya njano ya makarani akatoka, akawapisha abiria waliokuwa wakikimbia, akatembea kwa haraka kumfuata kijana kwa nyuma. Mama Gramu hakuwahi kuiona sura yake hata siku moja, lakini alimjua.

Mkono wa kulia wa karani ulikuwa na bastola.